Umetawadha, Nimekuona

Kibokoni, Mombasa
14 Januari 2024

Dadangu Ummulkheir,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itawakuta wazima, wewe na shemeji Nassor, na kwamba goti lake limeanza kusikia dawa. Sisi huku hatujambo, twamshukuru Mungu. Yule paka wako mweusi alikufa zamani, lakini wajukuu wake wamejaa ngazini, kila mmoja na kiburi chake.

Umenitaka niandike kwa mkono, nami nimetii. Umesema simu yako imejaa maandishi ya "ujumbe huu umefutwa," yote yakitoka kwangu, na kwamba kama nina la kusema niliandike, nifunge bahasha, nimpe msafiri, basi. Ni kweli. Nikinena kwenye simu hujisikiliza, nikaona pengine nimesema vibaya, nikafuta, nikaanza tena, hata la kusema likanipotea. Karatasi hii utaiona safi, haina mkwaruzo. Usistaajabu. Zilizotangulia nimezifungia bizari dukani.

Duka la Kuze liko palepale. Mwanangu Abrar hajambo, bado anasomesha watoto wadogo wa chuo cha Kurani, na jioni hunipikia ingawa namwambia nitakula mkate. Hapiki kama mama yake. Ila ndizi mbichi za nazi amezipata sawasawa. Siku ya kwanza alipoziweka mezani, sote wawili tulikitazama kiti cha tatu.

Harusi yake na Ziad tumeisogeza. Ilikuwa iwe mwezi huu wa Rajabu, sasa tumesema baada ya Idi. Ni kwa ajili ya nyumba. Ziad amepata vyumba viwili huko Kuze karibu na kwao, na rangi haijamalizika. Wajua vijana, na kazi yake ya ukarani kwa watu wa malori Shimanzi humchelewesha. Hakuna jambo jingine.

Mwanakuu sasa ana miezi minne kaburini. Bangili zile za fedha za mamake nimempa Abrar, naye hazivui.

Utakuja harusini? Niambie mapema nikufagilie chumba cha juu.

Nduguyo,
Zein


Maskati
6 Februari 2024

Kakangu Zein,

Waalaykum salaam. Barua yako nimeipata, na mwandiko wako bado ni uleule wa daftari la shule. Nassor anakusalimu sana. Goti lake limedungwa sindano, na ndiyo kwanza anajifunza kushuka kitandani bila kumwita marehemu mamake. Huku hewa ni nzuri. Hii ndiyo miezi ambayo mtu aweza kukaa nje asikaangike.

Kaka, rangi gani hiyo? Nilizungumza na Abrar Ijumaa, nikamuuliza, "Vyumba vyenu mmevipaka rangi gani?" Akanitumia picha. Ni kijani, imekauka, na pazia limetundikwa. Ati tangu Novemba. Nikamwambia, "Basi babako ananiandikia habari za nyumba gani?" Akalia, kisha akasema yote.

Amesema hutaki kumwoza kwa mdomo wako. Wataka umpe Sheikh Abdulhadi uwakili, yeye ndiye aseme yale maneno, wewe ukae pembeni. Naye amekataa. Na kila tarehe ikikaribia, waisogeza. Amesema, "Shangazi, wengine baba zao wamekufa, hawana la kufanya. Mimi wangu yu hai, yuko hapo nje anaosha mikono. Kwa nini niozwe na mtu mwingine?"

Anaosha mikono. Hapo ndipo nilipoelewa, maana hata ulipokuwa kijana ulikuwa na chembe ya hilo. Baba alikuwa akikwambia, "Zein, maji hayo ni ya watu wote." Ni wasiwasi, kaka. Ule wenyewe, wa udhu. Umerudi, au haukuwahi kuondoka?

Sikuandikii kukusuta. Lakini mwanao analia, nawe waniandikia habari za rangi.

Kuhusu kuja, tutaona goti la Nassor litasemaje.

Dadako,
Ummulkheir


Kibokoni
2 Machi 2024

Dadangu,

Salamu nyingi kwako na kwa Nassor. Sisi wazima. Ramadhani hiyo yaja, na hapa mtaani kila mlango unatwanga kitu.

Barua yako ilinichoma, nikaiweka chini ya mizani wiki nzima. Leo nimeitoa. Nitakwambia, kwa kuwa ushaambiwa.

Natawadha, nikifika miguuni sina hakika na uso. Narudi usoni. Nikifika tena miguuni, sina hakika na kiwiko. Imamu anasoma, mimi bado niko birikani, pale pa kutawadhia. Nikiingia safuni nasema takbira, naona haikutoka sawa, nasema tena, mpaka jirani yangu anakohoa. Chonga, anayetuletea maji kwa mkokoteni mifereji ikikauka, ameniambia mbele ya watu, "Mzee Zein, wewe ukipona mimi nitakula wapi?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Nikarudi nyumbani nimechoka kama niliyeyabeba mimi hayo madebe.

Dukani ni hivyohivyo. Nafunga kufuli, nafika kona, narudi kulivuta. Kasyoka, yule mama wa mkahawa anayechukua viungo kwangu, alinitazama nikimpimia bizari, nikaimwaga, nikaipima tena. Akasema, "Mzee, hiyo ni bizari, si dhahabu ya bibi-arusi." Kesho yake akaja na ile karatasi niliyomfungia. "Nimeisoma, nisamehe," akasema. "Huyo dada yako hajambo?"

Sasa la Abrar. Mtu akikosa udhu hutawadha tena. Akikosa kipimo hupima tena. Lakini kumwoza mwana ni maneno yanayotamkwa mbele ya mashahidi, watu wakala halua, wakaenda zao. Nikitamka kombo, asinisikie mtu, wale watoto wawili wataondoka pale wakijua ni mke na mume, na mimi peke yangu nitabaki na shaka. Nitampakata mjukuu huku najiuliza. Heri sheikh aseme, ulimi wake umezoea. Simkatai mwanangu. Naogopa kumharibia.

Nina swali. Neno lenyewe hili limetoka wapi? Wewe umekaa na Waarabu miaka mingi. Hapa mtoto akikawia kurudi, mamake ana wasiwasi. Mwanafunzi akingoja matokeo, ana wasiwasi. Nami wakinipita birikani, husema, "Mwacheni, ana wasiwasi." Kama neno ni moja, mbona wao linawatoka na mimi limeniganda? Niulizie mwenye kujua. Nataka nijue ninaitwa nani.

Utakuja? Hukunijibu.

Zein


Kibokoni
20 Aprili 2024

Dadangu Ummulkheir,

Idi njema, ingawa imepita. Natumai mlifunga salama. Sisi tulifunga, tukafungua, twashukuru. Abrar alipika vitumbua vikakataa kuumuka, tukavila hivyohivyo.

Sijapata jibu lako. Nimejiuliza kama nilikuandikia neno baya. Ningekuwa na nakala ningeisoma, lakini mara hii nilifuata agizo lako, sikuandika nakala. Kama nilikukosea, niwie radhi.

Bi Jana, mamake Ziad, alikuja siku ya tatu ya Idi. Aliketi, akanywa kahawa, akasifu mapazia. Kisha akasema, "Zein, mwanangu si mzigo wa Shimanzi, akae boharini mpaka mwenyewe akumbuke kuja kumtoa. Twaja Ijumaa ya mwisho ya Mei. Tumekuja mara ya kwanza, tumekuja ya pili. Nyingine baada ya hiyo hakuna." Abrar alikuwa nyuma ya pazia. Nilisikia bangili, kisha nikasikia mlango.

Sheikh Abdulhadi amesema yuko tayari kuwa wakili wangu nikitaka, na pia yuko tayari kukaa karibu yangu nikitaka kusema mwenyewe. Ameniachia mimi, na hapo ndipo pagumu.

Kuna jambo sikukwambia. Mwanakuu alikuwa akijua. Alijua tangu tulipooana. Hakunicheka, wala hakunipeleka kwa mtu. Akiwa jikoni, akisikia maji yanaendelea kumwagika, alikuwa akisema bila kugeuka, "Umetawadha, nimekuona." Basi, nafunga mfereji. Tukitoka nyumbani nikasimama njiani, "Umefunga, nimekuona." Basi, twaenda. Pengine hakuwa ameona. Mara nyingi alikuwa amenipa mgongo, anakuna nazi. Lakini ilinitosha.

Nilidhani nilipona zamani. Kumbe nilikuwa na mtu.

Nduguyo,
Zein


Maskati
4 Mei 2024

Kakangu mpenzi,

Salamu kutoka kwetu sote. Sikukasirika! Nilikujibu mwezi wa Machi, barua ndefu, nikampa Wanza, yule muuguzi jirani yetu, ikiwa ndani ya mkebe wa halua. Alisema anakwenda likizo Mombasa. Kumbe kwao kulitokea harusi, akashukia Nairobi, akaenda Machakos moja kwa moja. Halua imeliwa Machakos. Ameniandikia, "Dada, ilikuwa tamu sana, na barua nimeihifadhi." Basi naandika upya, na hii anakuja nayo mpwa wa Nassor, ambaye hapendi vitu vitamu.

Nilimuuliza Bi Zuwena wa nyumba ya tatu, aliyesomesha Kiarabu mpaka macho yakachoka. Aliniambia, "Litamke polepole." Nikasema, was, wasi. "Tena." Nikasema tena. "Wasikia?" akasema. "Hiyo ni sauti. Lilikuwa sauti kabla ya kuwa ugonjwa." Ati Waarabu wa zamani walilitumia kwa kila sauti ndogo ambayo mtu hana hakika kama ameisikia. Upepo kwenye mabua makavu. Mtu anayenong'ona nyuma ya ukuta. Na mapambo ya mwanamke anapopita chumba cha pili, vile yanavyogusana. Kisha likatumika kwa ule mnong'ono wa moyoni, ule ambao katika sala tunaomba kukingwa nao. Kisha likavuka bahari likaja kwetu, nasi tukalitia kila kitu, mtihani, gari lililochelewa, mtoto aliyekawia.

Nikamwambia, "Kakangu anauliza anaitwa nani." Bi Zuwena akacheka, hana meno ya mbele. "Mwambie hilo si jina la mtu. Hakuna mtu anayeitwa mnong'ono. Ni kitu kinachosikika tu, na si kila kinachosikika hujibiwa." Wao linawatoka kwa sababu hawalijibu, kaka. Wewe walijibu kila mara, tena kwa maji safi.

Hayo ndiyo niliyoyaandika Machi. Tangu niliposoma habari ya Mwanakuu nimeona kuna jingine. Nadhani hutafuti kosa. Wangoja kama kuna atakayesema, "nimekuona."

Sasa na mimi niseme langu. Goti la Nassor limepona tangu Februari. Anapanda ngazi kuliko mimi. Tatizo ni mimi. Nina sauti ya Mwanakuu kwenye simu, ya wiki ile ya mwisho. Hakuna cha maana anachosema. Ananiuliza kama huku kuna kitambaa cha pazia cha rangi ya maziwa, kwa ajili ya Abrar. Naisikiliza kila asubuhi kabla ya chai, halafu naisikiliza tena, natafuta mahali ambapo nilipaswa kujua kwamba anaumwa. Sijapapata. Nikija huko nitapanda zile ngazi, na hakuna atakayeniuliza kutoka jikoni mbona nimekonda. Ndiyo maana sikuja matangani, na ndiyo maana nimekuwa nikiandika habari za goti.

Wewe una rangi, mimi nina goti. Tumezaliwa tumbo moja.

Usiningoje harusini. Sijiwezi bado. Lakini umwoze mwanao, Zein. Usimpe mtu kazi yako. Kitambaa cha rangi ya maziwa nimekipata, kinakuja pamoja na barua hii.

Dadako,
Ummulkheir


Kibokoni
2 Juni 2024

Dadangu Ummulkheir,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, na nyumba imejaa masufuria ya watu yasiyojulikana wenyewe. Kitambaa kilifika Jumatano. Abrar alilitoa lile pazia la kwanza akatundika hiki palepale, akasimama akikishika pindo.

Nilikosea, dadangu. Naanza na hilo ili usingoje.

Ijumaa asubuhi nilivaa kanzu nikakaa kitako nikirudia yale maneno moyoni. Nikasikia bangili ngazini. Nakwambia kweli, niligeuka. Alikuwa Abrar, mikono imejaa hina, amekuja kunipa kofia. Nikakumbuka maneno ya Bi Zuwena wako. Kumbe miaka yote nilikuwa nikiisikia sauti ile nyumbani mwangu, ikitoka jikoni ikienda ukumbini, na haikuniogopesha hata siku moja. Abrar akasema, "Baba, nikwambie kitu? Ukimwachia sheikh, nitaolewa tu. Lakini ukisema wewe, nitakuwa nimetoka kwako." Akashuka.

Baada ya Alasiri tuliketi mkekani, mimi na Ziad tumeshikana mkono, wake wa baridi kama kopo la maji ya barafu. Msikiti ulijaa. Sheikh Abdulhadi akaninong'oneza, "Pole pole, mzee. Hakuna gari linalotungoja." Nikavuta pumzi. Nikasema kwa sauti, kila mtu akasikia, "Ziad, nimekuoza binti yangu Mwanakuu."

Feni ilikuwa ikizunguka. Sikujua nimesema nini. Sheikh akanigusa goti. "Jina la bibi-arusi, Mzee Zein." Bado sikuelewa. Nilimtazama Ziad, naye masikini jasho linamtoka, akasema taratibu kwa adabu, "Mzee, mimi naomba Abrar."

Aliyeanza kucheka ni Chonga, amevaa kanzu safi sijapata kuiona. Kisha wakacheka wote. Kisha baadhi ya wazee wakajifuta macho kwa mikono ya kanzu, kwa kuwa walijua ni jina la nani. Nami nimekaa pale katikati. Kitu nilichokiogopa miezi yote kilikuwa kimetokea, si kwa shaka, bali kweli, mbele ya mashahidi. Na paa lilikuwa palepale. Hakuna aliyesimama. Mkono wa Ziad haukuniachia.

Nikasema tena. "Nimekuoza binti yangu Abrar," na mahari yake, na maneno yote mpaka mwisho. Ziad akajibu upesi kama anayeogopa nitambadilishia tena, "Nimekubali." Watu wakaanza kuomba dua. Na hapo, dadangu, midomo yangu ikafunguka kusema mara ya tatu. Nilishaanza. Sheikh Abdulhadi akanishika bega.

"Basi, Mzee Zein. Tumesikia."

Chonga nyuma akasema, "Tumesikia!" Na safu ya mbele, "Tumesikia!" Na wengine waliokuwa mlangoni, ambao naamini hawakusikia kitu, nao wakasema, "Tumesikia!" Nikafunga mdomo. Nilidhani nikikosa mimi peke yangu ndiye nitakayejua. Kumbe walikuwa wamekaa pale wote, kazi yao ni hiyo.

Nyumbani nilimtangulia Ziad, nikapita nyuma ya pazia nikamwambia Abrar kabla hajaambiwa na wanawake. Nilidhani atalia. Alicheka mpaka wanja ukateremka. "Basi mama ameposwa tena, na kijana!" akasema. Halafu akaniegemea begani. "Nilikuwa sijui mama ataingia vipi leo, baba. Umemwingiza wewe." Bi Jana akamfuta wanja akinigombeza, "Zein, wewe wataka kumwoza mkweo mke wako mwenyewe sasa?" na vigelegele vikaanza hata kabla bwana harusi hajapanda ngazi kuja kupeana mkono na mkewe.

Sijapona, usidhani. Jana nililirudia kufuli. Lakini nilipofika kona mara ya pili nikasikia kama yafaa nirudi tena, nikasema moyoni, "Nimesikia," nikaenda zangu. Leo birikani nilikosa hakika na kiwiko, nikakiacha hivyo hivyo. Chonga amelalamika kwamba biashara imeanza kulala.

Chumba cha juu nimekifagia. Njoo, Ummu. Ngazi hizi ni ngumu, nakubali, na jikoni mko kimya. Lakini Abrar na Ziad watakuja kula kwangu kila Ijumaa, na Abrar amejifunza kuuliza watu mbona wamekonda. Njoo na ile sauti. Tuketi sote tuisikilize pamoja, na likiwapo neno ulilopaswa kulisikia, sisi nasi tutalisikia. Kama halipo, tutakwambia halipo. Kisha tutakula ndizi za nazi.

Nahisi kuna mahali hapo juu nimeandika jina la mtu visivyo. Sikurudi kutazama. Barua hii naifunga sasa, nampa mwenye safari. Palipo na kosa utanionyesha ukifika.

Nduguyo,
Zein